Majina ya Abiria wa Kagunga

Buzebazeba,
Kigoma.
14 Juni 2024

Mpendwa kaka Gervasi,

Shikamoo. Habari za Mtwara, na kile kifua chako kinaendeleaje? Wifi Mariana na watoto hawajambo? Sisi tu wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, ila akifika sokoni Kibirizi sauti ya kuuzia dagaa inarudi yote.

Ile programu ya Java uliyonianzishia, ya kuandika abiria wa boti za Kagunga, niliimaliza. Karani anaingiza majina kwa simu, nasi nyumbani tunaona nani amepanda, nani ameshuka. Tatizo ni kwamba ilikuwa inaishi ndani ya laptop yangu.

Jumatano moja mchana mama alikuwa anarudi kutoka Kagunga. Ziwa likachafuka, umeme nao ukakatika. Laptop ikazima na orodha yake. Wanawake wenye ndugu botini wakanipigia, "Wema, mtu wetu yumo au hayumo?" Hata kama mama yangu mwenyewe yumo, sikuweza kuona. Masaa matano, kaka! Kumbe nahodha aliegesha ufukweni kungoja mawimbi yatulie. Mama aliposhuka nililia mbele za watu.

Kesho yake nikaamua kuihamishia programu kwenye seva ya kukodi mtandaoni, isiyotegemea umeme wetu. Nikaifunga yote kwenye faili moja la JAR, nikalipandisha. Likagoma. Nikarudia, likagoma tena. Siku ya tatu nikasoma ripoti ya makosa mstari kwa mstari. Nilikuwa nimeiandikia kwamba majina yanahifadhiwa kwenye laptop hii, basi huko iliko inaitafuta laptop yangu, haiioni. Nikahamishia hifadhi ya majina huko huko, nikaweka anwani mpya kwenye mipangilio ya seva. Ikawaka.

Nikazima laptop makusudi, nikampa mama simu. Majina yote yapo.

"Sasa haya yako wapi?" akauliza.

"Mbali, mama. Hata aliye Mtwara anayaona."

Akasema, "Kwa hiyo Gervasi ataniona nikisafiri."

Anwani nimekutumia kwa simu. Baba mdogo Eliakimu na Shadia wanakusalimu sana. Mungu awafunike wewe na nyumba yako.

Jumatano mama anasafiri tena. Anasema ukiona ameandikwa "ameshuka", umpigie wewe, usingoje aanze yeye.

Mdogo wako anayekupenda na kukukumbuka,
Wema