Hadithi za Mchana

Jumatatu, 5 Januari 1976. Mhunze.
Uji, kisha masomo, kama kawaida. Kabula, binti wa kaka yangu anayechimba dhahabu Rwamgasa, ana miaka tisa. Mguu wake mmoja ulipooza akiwa mdogo, na shule iko mbali, kwa hiyo namfundisha hapa nyumbani. Hakuna neno linalomshinda. Ila anasoma kama mashine ya kukoboa. Simba akinguruma, sungura akilia, sauti ni moja.

Sasa nina baiskeli, naweza kumbeba. Mwalimu mkuu atamsikiliza Jumatano ya wiki ijayo, asubuhi. Akisoma kama mtu anayeelewa, darasa la tatu. Vinginevyo la kwanza, pamoja na vitoto. Kabula amesema la kwanza haendi ng'o.

Jumatano, 7 Januari.
Nimemsomea mimi kwanza, simba kwa sauti ya simba. Kuku wametawanyika. Yeye akarudia kwa sauti ile ile kavu. Nimekasirika, nimefunga kitabu. Mama, bibi yake Kabula, alikuwa kando anapepeta mtama.

Alhamisi, 8 Januari.
Kila penye nukta nimegonga meza. Kazi bure. Nafundisha kisomo cha watu wazima, wazee watupu, na wote wanamzidi huyu.

Jumapili, 11 Januari.
Baada ya chakula cha usiku nimemkuta Kabula jikoni anamsimulia Mama hadithi ile ile ya kitabuni. Simba ananguruma kweli, sungura anabembeleza, Mama anafuta machozi kwa kucheka. Nimemuuliza mbona mchana hafanyi hivyo. Akanishangaa. Eti Bibi amekataza hadithi mchana. Ukisimulia jua likiwaka, ng'ombe wanapotea. Kwa hiyo mchana anasoma maneno tu.

Mimi nimelelewa na mwanamke huyu huyu, na jambo hilo halikunijia hata kidogo.

Jumanne, 13 Januari.
Nimemwomba Mama amruhusu, kwa kesho tu. Amekataa. Ng'ombe ni wa kaka, na kaka yuko mbali. Kabula hawezi kumuasi bibi yake. Naogopa.

Jumatano, 14 Januari.
Mama ametangulia kwa miguu, bila kuaga. Tumemkuta ofisini, kwenye benchi.

Mwalimu mkuu akafungua hadithi ya fisi. Kabula akaanza. Sauti kavu. Mwalimu akatazama saa yake. Nilitamani kulia.

Mama akainuka. Hakuomba ruhusa. Akafunga mlango, akafunga na madirisha ya mbao. Giza. Ukabaki mwanga wa ufa mmoja tu.

"Kumekuchwa, ng'wanone," akasema. "Anza, mwanangu."

Kabula akasogeza kitabu kwenye ufa. Fisi akaomba, akatisha, akalia. Mwalimu mkuu alikuwa amefungua mdomo atufukuze, akaufunga. Fisi alipotumbukia kisimani, mwalimu alicheka hadi akakohoa.

"La tatu," akasema humo humo gizani.

Jumatatu, 19 Januari.
Nimempeleka Kabula, nimerudi, nimepalilia pamba. Nyumba kimya. Sikuipenda.

Mchana nimemfuata. Amesoma mbele ya darasa, madirisha wazi. Alifumba macho kwanza, kidogo. Mwalimu wake akamuuliza anangoja nini. Akasema anangoja kuchwe.

Jioni Mama amehesabu ng'ombe wakiingia zizini. Akahesabu tena. Wote wapo. Tumekula michembe ya viazi vitamu, tumelala.