Nilidhani Mume Wangu Ameleta Kisonono kutoka Chunya

Bi Yudith, nakuandikia nikiwa nimekaa upande mmoja wa kiti kwa sababu kukaa sawasawa kunaniuma, na uniwie radhi kwa nitakayoyasema, maana siwezi kumweleza mwanangu wala jirani. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, Mwislamu, nakaa Iringa mjini, wazee wangu walitoka Kilwa wakaja huku na biashara. Mume wangu, ambaye namwita Baba Othmani, kila msimu wa tumbaku hupeleka sufuria na vitenge Chunya, hukaa huko wiki kadhaa ndipo arudi. Hedhi yangu ilikoma mwaka juzi na mwanzoni nilifurahi, lakini tangu mwaka jana sehemu za siri zimekauka, zinawasha, mkojo unaunguza, nikikohoa unanitoka, usiku choo hakinipi nafasi ya kulala, na mume akinikaribia naumia kama kidonda kinachosuguliwa kwa gunia, na mara ya mwisho niliona damu kidogo kwenye shuka.

Nikajiambia hiki ni kisonono, na kama ni kisonono kimetoka Chunya, maana kule kuna wachimba dhahabu, na palipo na dhahabu pana vilabu vya pombe na wanawake wanaofuata wenye fedha. Nikaenda kwa bwana mmoja wa mtaani anayechoma sindano, akanichoma bila kuniangalia wala kuniuliza, nikapata nafuu siku chache, kisha hali ikarudi. Ndipo nikamwendea Bi Jaha, somo yangu, aliyeniweka ndani na kunifunda nilipoolewa, sasa ni mzee sana lakini ulimi wake bado mkali, akaniambia, "Mwanangu, umezembea usafi. Rudi kwenye niliyokufundisha." Aliyonifundisha ni kujiosha ndani kwa sabuni na kujikaza kwa maji ya shabu, lile jiwe jeupe la dukani, basi nikawa nafanya hivyo kila ninapokwenda kutawadha, sala zote tano, na maji ya kunywa nikayapunguza ili udhu usitenguke, na badala ya kupona naungua zaidi.

Baba Othmani aliporudi nikahamia chumba cha binti yetu aliyeolewa. Akaniuliza kulikoni, nikamwambia, "Unajua mwenyewe ulichonibebea." Akasema, "Mama Othmani, mimi Chunya nauza sufuria. Sinunui kitu." Nikamwuliza basi hiki kimetoka wapi, akasema, "Kama si kwangu, labda wewe ndiye unieleze," na tangu hapo hatusemezani ila habari za chumvi na mafuta ya taa. Safari iliyofuata alipita Mbeya akapimwa hospitalini, akaniambia hana kitu, nikamjibu mwenye hatia atasema nini kingine. Alitaka twende wote kwa daktari nikakataa, kwa umri huu nikamvulie nguo mwanamume wa watu? Sasa nimemwita kaka yangu, na wazee wa pande zote mbili watakaa kwetu Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nami nimenuia kudai talaka. Tumeishi pamoja tangu nikiwa msichana. Nidai, au ninyamaze?

Mama Othmani, Iringa

MAJIBU

Mama Othmani, usidai talaka kwa ugonjwa ambao hakuna aliyekupima. Barua yako niliijibu kwanza kwa posta kwa sababu Ijumaa hiyo ilikuwa karibu. Leo naichapisha kwa ruhusa yako, majina yakiwa yamebadilishwa, kwa kuwa wanaonyamaza na shida kama yako ni wengi.

Nilikwenda kuuliza. Daktari mmoja wa kike alinisikiliza, na mkunga wa siku nyingi, Severina, akaisoma barua yako huku akitikisa kichwa. "Hawa wanakuja," alisema, "na kila mmoja anakuja na kesi ya mumewe."

Walichonieleza ni hiki. Hedhi inapokoma, mwili hupunguza sana kutengeneza homoni ya kike, ile iliyokuwa ikiiweka ngozi ya ukeni kuwa nene, laini na yenye unyevu. Homoni ikipungua, ngozi hiyo huwa nyembamba na kavu, huwasha, huchubuka na hata kutoa damu ikisuguliwa. Njia ya mkojo iko jirani na hupatwa vilevile, ndiyo maana unaungua, unakimbilia choo na kuvuja ukikohoa. Joto la ghafla na jasho la usiku kwa wanawake wengi hupita. Ukavu huu haupiti wenyewe, lakini una dawa. Si uchafu, si laana, na hauambukizwi na mtu.

Sindano zile zilikupa nafuu, hukukosea kuona hivyo. Huenda mkojo wako uliingiwa na vijidudu, jambo la kawaida katika hali hii, na dawa ikaviua. Ngozi ikabaki ilivyokuwa. Huyo bwana usimrudie tena. Anayechoma bila kupima anabahatisha kwa mwili wako.

Sasa nakugombeza. Sabuni na shabu acha leo. Umekuwa ukikausha kilichokauka, mara tano kwa siku. Osha nje tu, kwa maji matupu. Bi Jaha usimlaumu. Alikufunda ulipokuwa mwari, na kwake yeye hakuna aliyekaa akamfunda habari za mwanamke aliyekoma hedhi. Lakini daktari anasema shabu huichuna hata ngozi ya msichana, kwa hiyo ukipona nenda kamwambie, maana bado ana wari anaowafunda.

Maji kunywa. Mkojo mzito huunguza zaidi na huleta vijidudu. Kuhusu udhu nilimwuliza mwalimu wa madrasa, kwa kuwa mimi si wa dini yako. Alijibu kwamba mwenye mkojo usiozuilika hujisafisha na kutawadha wakati wa kila sala unapoingia, akasali, na sala yake ni sahihi. Kujinyima maji hakukutaja. Ukitaka uhakika, muulize sheikh wako.

Daktari huna budi kumwona, na sababu ya kwanza ni ile damu. Mwanamke aliyemaliza mwaka bila hedhi akiona damu, hata tone, lazima aangaliwe. Mara nyingi ni ngozi nyembamba tu. Mara nyingine ni saratani ya kizazi, na hiyo haisubiri haya zako zipungue. Hospitali ya Tosamaganga si mbali na kwako. Omba muuguzi wa kike awe chumbani, hiyo ni haki yako. Mwambie daktari yote uliyoniambia, apime mkojo, apime na hicho kisonono, ili neno hilo liishe nyumbani kwenu. Asipoona jambo jingine, mwulize kuhusu dawa ya homoni ya kupaka ndani, kiasi kidogo, kila siku mwanzoni kisha mara chache kwa juma. Nafuu huchukua wiki kadhaa, usiiache njiani. Kama umewahi kuugua saratani ya matiti, mwambie kabla hajakuandikia.

Kwa mambo ya chumbani, ngoja ngozi ipone kwanza. Mkirudiana, msiharakishe, na mtumie mafuta safi ya nazi yasiyo na manukato. Kwa kuvuja, kaza misuli kama mtu anayezuia mkojo, legeza, kaza tena. Unaweza kufanya hivyo hata ukimenya viazi.

Na mumeo. Ulimhukumu ukakataa ushahidi wake, naye akakurudishia tuhuma hiyo hiyo. Ukishapimwa usimtume kaka wala wifi. Mwite mwenyewe, kabla wazee hawajafika, umwambie ulichoelezwa na daktari na kwamba ulimkosea. Usiongeze sababu. Kama vipimo vitaonyesha vinginevyo, niandikie, nitayabadilisha maneno haya.

Mama Othmani aliniandikia tena. Daktari alikuwa mwanamume mwenye mvi, na mtawa muuguzi alisimama kando ya kitanda muda wote. Kisonono hakuna, kizazi kizima, damu ilitoka kwenye ngozi. Dawa ameianza na sasa anakaa kiti kizima. Kuhusu mumewe namnukuu mwenyewe: "Nilimwambia kama ulivyosema. Kisha akauliza, 'Na wazee tuliowaita?' Nikasema nyama ya pilau nimeshanunua. Akasema, 'Basi waje wale pilau, waulize wameitiwa nini, tuone nani kati yetu ataanza kucheka.'"