Mshono Wangu Mbaya Kuliko Yote

Mdogo wangu mpenzi,

Huku hatujambo. Usiushangae mwandiko, nitakueleza.

Ile simu uliyoniletea imenifungulia dunia. Kundi la kwanza nililojiunga nalo mtandaoni waliniomba namba ya siri kabla hata ya salamu, nikatoka mbio. La pili walitukanana mpaka nikaona haya peke yangu chumbani. La tatu ni la mafundi cherehani. Kwanza niliangalia wanavyomjibu anayeuliza la kijinga. Wakamjibu kwa upole, nikajua hapa panakalika.

Kwao mgeni hujitambulisha kwa picha ya mshono wake mbaya kuliko yote. Nikatuma wangu, umepinda kama njia ya mlevi. Nikawaambia kuwa tangu nianguke dukani, mkono wa kulia hauniitikii. Wewe sikukwambia; usinigombeze.

Hakuna aliyecheka! Mama mmoja, hata nchi yake siijui, akatuma video: sindano kaichomeka kwenye kipande cha sabuni, anatunga uzi kwa mkono mmoja. Mtu asiyenijua, ananifundisha kana kwamba tumenyonya ziwa moja!

Pokea foronya hii. Nimeishona kwa mkono wa kushoto, huu huu ninaoandikia barua hii. Imepinda, usiifumue.

Dada yako,
fundi bado