Majina Uliyoyaacha Kwenye Kompyuta

Mpendwa Baba Neema,

Nimetoka ibadani, nimevua viatu, nimekaa kwenye kiti chako mbele ya kompyuta. Kile kitambaa nilichofuma cha kuifunika nimekikunja pembeni. Neema yuko jikoni anakaanga vitunguu. Nakuandikia kwa sababu nina hasira na wewe tangu Alhamisi, na unajua mimi si mtu wa kukaa na jambo moyoni.

Unaikumbuka siku tulipoileta hii mashine hapa Kimandolu? Ilikuwa ile miaka ambayo kila mwenye gari Arusha alifungua kampuni ya utalii, nawe ukasema hata sisi gari tunalo. Sebule ikageuka ofisi. Ukaishusha picha ya harusi yetu ukutani, ukatundika ramani ya mbuga, tukanuniana mpaka picha ikarudi na ramani ikahamia nyuma ya mlango. Modemu ilipokuwa ikilia, Neema alikatazwa kugusa simu, na mimi nilikuwa naacha hata kuongea, kana kwamba sauti yangu ingekata laini. Ulinicheka sana kwa hilo.

Halafu ukafungua kitabu cha anwani. Kilikuwa kidirisha kidogo tu chenye nafasi chache: jina la kwanza, jina la ukoo, jina litakaloonekana, anwani ya barua pepe. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nikakwambia uandike majina kamili kama yalivyo kwenye kadi zao. Ukanitazama kama vile nimekwambia ule supu kwa uma.

"Mama Neema, majina ya hawa watu yananipita. Kwetu mlimani nani anaitwa jina la ubatizo? Mtu anaitwa kwa alichofanya."

Ukaanza. Aliyelia Kreta, yule aliyetokwa machozi kwenye bonde la volkano. Chai Bila Maziwa. Babu Tembo. Tulikuwa tunakula, wewe unasimulia safari, mimi nasikiliza, na kabla sahani hazijatolewa mgeni ameshapata jina. Goti Bovu nilimpa mimi, hilo silikatai. Yule mama aliteremshwa kwenye gari na watu wawili na bado akauliza lini atapanda Mlima Meru. Lakini Mkono wa Birika ulimpa wewe, peke yako, na ukaliandika siku ileile ukiwa bado na vumbi la safari kwenye nyusi.

Nilikuelewa. Yule ndiye wakala aliyetuletea makundi kila kiangazi; bila yeye Land Rover ingekuwa banda la kuku. Ukamzungusha mbuga zote za kaskazini, ukamtoa kwenye tope, ukamtafutia chui, na wakati wa kuagana akakuachia kalamu na nusu chupa ya mafuta ya kuzuia jua. Ukaja ukanionyesha mkono wako. "Hebu niambie, haya mafuta nipake wapi?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Bahili kama yule hatukuwahi kumwona, na jina likamkaa.

Kisha msimu mmoja ukarudi na darubini shingoni, darubini ya maana, iliyovikwa ngozi. Nikauliza nani kakupa.

"Mkono wa Birika."

"Acha uongo wako."

"Haki ya Mungu. Kanipa mwenyewe."

Nikasema basi mbadilishie jina, mtu ameshajirekebisha. Ukatabasamu ukasema jina libaki. Sikukuuliza zaidi, nilikuwa na nguo za kuanika.

Presha ikakuchukua masika hayajaisha. Walikuja wengi, Baba Neema, hata madereva wenzako wa Usa River ambao mlikuwa hamsalimiani. Baada ya matanga wazee wakagawa nguo zako kama inavyopasa, na lile koti la kijani la baridi likaenda kwa kaka yako Elisante, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mifuko hatukuikagua. Nani anapekua mifuko ya marehemu mbele ya wazee?

Halafu Elisante akaanza kuja hapa. Kwanza kwa pole, baadaye kwa jambo lake. Anasimama uani analizunguka gari, anapiga teke tairi moja moja.

"Shemeji, hili linaoza tu hapa. Jumamosi ukoo unakaa. Tuliuze, mambo yaishe."

"Msimu unakuja, shemeji. Nitatafuta dereva."

"Msimu wa nani? Wale wageni walikuwa wa marehemu. Kuna Mzungu gani amekuandikia wewe?"

Alisema kweli, hakuna aliyekuwa ameniandikia. Nikajua kikao hicho nisipokwenda na neno la Mkono wa Birika mkononi, gari litaondoka, na likiondoka hakuna kampuni, na mimi na Neema tutakuwa watu wa kuombaomba ruhusa kwa kaka yako maisha yetu yote. Hofu hiyo nililala nayo na kuamka nayo.

Jumatatu Neema alipotoka shule tukaketi kuandika. Tuliwaandikia wote, mmoja mmoja, kwamba umefariki na kwamba kazi itaendelea. Barua ya Mkono wa Birika niliitunga mimi kwa Kiingereza changu chote, kwa heshima kubwa, "Mheshimiwa" juu na "wako mtiifu" chini. Neema akaandika herufi mbili tu kwenye mstari wa anwani na mashine ikamalizia jina yenyewe. Akabonyeza, barua ikaenda. Nikashukuru Mungu, nikapika.

Jumanne likaja jibu la kwanza, la Goti Bovu. Maneno ya pole, mazuri kweli. Chini yake ilikuwa imerudi barua yetu wenyewe, kama zinavyorudi, na juu ya ile barua, mahali pa mpokeaji, pameandikwa Goti Bovu.

"Neema, hii nini?"

Akasogea. Akaufuata ule mstari kwa kidole. "Mama, jina linakwenda na barua."

"Linakwendaje? Si liko humu ndani kwetu?"

"Linakwenda. Lile tulilomwandika kwenye kitabu ndilo anakuja kuliona kule."

"Na yule mwingine?"

Nikashika kipanya mwenyewe, nikatafuta barua ya jana nikaifuta. Neema akasema taratibu, "Hapo umefuta ya kwetu tu. Yake anayo."

Goti Bovu hajui Kiswahili zaidi ya jambo na asante, huyo nilimwachia Mungu. Lakini Mkono wa Birika! Si wewe uliyenisimulia kwamba anatembea na kamusi ndogo kwenye mfuko wa shati, kila neno anauliza maana yake? Nimemwandikia mtu kumwomba riziki na juu ya barua nimemwita bahili. Neema akashauri tuombe radhi. Nikamwambia tukiomba radhi na kumbe hakuliona, tutakuwa tumemwonyesha wenyewe. Tukabaki hivyo.

Jumatano umeme ulikatwa tangu asubuhi. Nilikaa naitazama hii mashine kama mgonjwa. Nilikutukana, Baba Neema, nisikufiche. Nilisema, mtu mzima, baba wa mtoto, na utani usio na breki, umekufa umeniachia matusi kwenye kompyuta. Jioni Elisante akapita kunikumbusha Jumamosi. Alikuwa na furaha fulani sikuielewa. Akaniambia nisihangaike na kuandika barua, hayo mambo ameshayashughulikia.

"Umeyashughulikia vipi, shemeji?"

"Wewe njoo kikaoni."

Alhamisi umeme ukarudi. Modemu ikalia, nikanyamaza kama kawaida yangu, na jibu la Mkono wa Birika likateremka. Sikuweza kulisoma. Nilimwambia Neema asome yeye, na mimi nikageukia ramani nyuma ya mlango. Nakutafsiria sehemu yenyewe.

"Wiki hii nimepata barua mbili kutoka Arusha. Ya kwanza imeandikwa na ndugu wa marehemu. Imeniita kwa jina langu kamili na cheo changu, kama vilivyo kwenye kadi yangu. Inasema mke amerudi kwao Kikatiti na kwamba tangu sasa kazi zote zipitie kwa huyo ndugu. Ya pili imeniita Mkono wa Birika. Nikajua ipi imetoka nyumbani kwa Baba Neema."

Kadi. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti alilopewa Elisante.

Neema akaendelea kusoma. Anasema miaka yote barua zako zilimfikia na jina hilo, na kamusi yake ilimwambia mkono, na birika, basi. Mpaka usiku mmoja kambini akakuuliza, nawe, bila aibu, ukamweleza. Anasema alicheka mpaka wapishi wakaja kuangalia. Asubuhi akavua darubini yake akakuvalisha. Akakuomba usilibadilishe jina, kwa kuwa huko kwake kila mtu anamwogopa na hakuna anayemwambia ukweli. Kundi la Julai anatuletea, alimradi tupate dereva, na msimu wote kama mwaka jana.

Kwa hiyo ulijua. Ulijua majina yanaonekana, na ukaniacha mimi niendelee kuyatunga mezani. Siku mimi nitakapomwandikia mtu bila kujua, wewe umekaa hapo unatabasamu na darubini yako. Hiyo ndiyo hasira yangu ya Alhamisi. Nililia nikiwa nayo, na sijui nililia kwa lipi hasa.

Jumamosi nikapanda mlimani na barua imechapwa mjini, iko ndani ya Biblia. Tulikaa sebuleni kwa mama yako. Kulikuwa na baridi, na Elisante alikuja amevaa koti lako. Baba yako mdogo ndiye aliyeongoza kikao. Elisante akasimama akaeleza kwamba amewasiliana na wakala Ulaya na anasubiri jibu lake, ila gari kwanza liuzwe, kwa sababu mjane hana mpango wowote. Baba mdogo akaniuliza kama nina la kusema.

Nikasema, "Shikamooni wazee. Jibu lake nimekuja nalo."

Nikasoma kwa Kiswahili, neno kwa neno. Nilipofika kwenye Kikatiti, wote wakamtazama kaka yako, naye akawa anafunga vifungo vya koti. Nilipofika kwenye Mkono wa Birika, mama yako, ambaye tangu tukuzike hajala vizuri wala hajatabasamu, akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akasema, "Huyo ni mwanangu. Huyo ni mwanangu kabisa." Akajifuta macho kwa pembe ya kitenge, akacheka tena.

Baba mdogo akasema gari libaki Kimandolu, na suala hilo lisirudiwe. Kisha tukala ndizi. Elisante hakula.

Leo nimeyapitia majina yote uliyoyaacha. Aliyelia Kreta yupo, Babu Tembo yupo, na Mkono wa Birika nimemwacha kama alivyoomba. Nikakumbuka kwamba kaka yako naye sasa ana anwani ya barua pepe, ndiyo aliyotumia kumwandikia wakala, na wakala kanitumia nakala. Nikafungua ukurasa mpya. Pale pa jina litakaloonekana nikafikiri kidogo, nikaandika: Koti la Watu. Siku nikimwandikia ataliona, na alione.

Ni jina la kwanza nimelitunga bila wewe, na ni zuri, Baba Neema. Nililicheka mwenyewe hapa kwa sauti, halafu nikageuka nikuambie.

Lala salama, mume wangu. Vitunguu vinaungua, wacha nikamwangalie mtoto.

Mkeo,
Mama Neema