Mwenyekiti Asiyetaka Kuulizwa

Dada Milcah, nakuandikia kwenye safu yako ya ushauri kwa sababu hapa Hallonbergen sina wa kumwambia, na nisipolisema hili nitaugua. Mimi ni Mkongo wa Uvira, nasoma historia katika shule ya watu wazima, na muhula huu mwalimu ametupa kazi ya kuandika jinsi wafalme wa Ulaya walivyopata madaraka yote, nami nikachagua Karl wa Kumi na Moja wa hapahapa Sweden, nikidhani alitumia mapanga, kumbe bunge lenyewe ndilo lililompa. Wakulima, mapadri na watu wa mijini walikuwa wamechoshwa na makabaila waliohodhi ardhi, basi mwaka 1680 wakamuunga mkono mfalme awanyang'anye, na baraza lililokuwa likimwongoza likaambiwa litoe ushauri pale tu atakapoutaka, na baada ya miaka kumi na mitatu bunge likatamka kwamba mfalme hawajibiki kwa mtu yeyote duniani. Dada, niliposoma hapo nilifunga kitabu, maana nilimwona Papa Mashauri.

Papa Mashauri ni mwenyekiti wa chama chetu cha Waswahili, chenye ukumbi kule Spånga. Ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege wa Arlanda, ndiye baba wa ubatizo wa binti yangu. Miaka miwili iliyopita waanzilishi wa chama walikuwa wakijigawia ukumbi kwa harusi zao na sisi wageni tunaambiwa tusubiri, akasema, "Nipeni mimi neno la mwisho, nitawanyoosha," tukampa, akawanyoosha kweli, akamtoa Mama Hortense kwenye ukatibu akaniweka mimi, nami nilifurahi, sikufichi. Lakini tangu hapo kamati haiitwi, kufuli la ukumbi limebadilishwa kimyakimya, na nikimkuta akizungumza na mume wangu Papy wanaanza habari za mpira. Juzi akaniletea karatasi, ati niiingize kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa Machi: "Wanachama wamekubali kwa kauli moja kwamba mwenyekiti atajibu kwa Mungu peke yake."

Nikamwambia, "Papa, hilo halikusemwa."

Akatabasamu. "Mama, wangeulizwa, wangekataa?"

Anataka saini yangu kabla ya mkutano wa Jumapili. Je, vitabu vimeniharibu kichwa, au naona sawasawa?

Katibu mwenye mashaka

*

Mama Katibu, majina nimeyabadilisha, lakini mwenyekiti wako atajijua, na ajijue.

Kichwa chako ni kizima. Ila umechelewa kuona, na sababu unaijua. Wale wakulima hawakukosea kuwachoka makabaila. Walikosea kumpa mtu mmoja kila kitu, kisha wakaacha kumuuliza. Nawe ulipopewa kiti cha Hortense hukuuliza kura ilipigwa lini. Sasa imefika zamu ya saini yako, ndipo umeikumbuka kamati. Pole nakupa, lakini ni pole ndogo.

Wema wa Arlanda mlipe kwa wema: mpikie, mtembelee akiugua, mwanao amheshimu. Saini ya uongo usimpe. Na anayekwambia watu wangekubali hata wasipoulizwa, huyo anaogopa kuwauliza.

Papy muulize leo, mezani, wanazungumza nini. Usisikilize mlangoni. Huenda ni mpira kweli, huenda ameahidiwa cheo. Vyovyote iwavyo, ujue kabla ya Jumapili.

Muhtasari wa Machi wapelekee wale wanachama wawili ambao mkutano wenyewe, kwa desturi ya vyama vya huku, uliwachagua kuuthibitisha. Uwe kama ulivyouandika siku ile, bila sentensi hiyo, nao wausaini mapema. Halafu mpigie Hortense simu. Anza kwa kumwomba radhi, ndipo umwalike mkutanoni. Akikukatia, piga tena kesho.

Jumapili nenda na karatasi ya mwenyekiti mkononi. Usihutubie, usimtukane, usimtaje mfalme yeyote. Isome kwa sauti, neno kwa neno, kisha umwombe yeye mwenyewe awaeleze wanachama ilitoka wapi. Akijibu, andika jibu lake. Asipojibu, andika kwamba aliulizwa, akanyamaza.