Mashine Ilipowakataa Kina Masika

Wewe unayesoma, nakusihi, haya yaishie kwako, hasa kama unafanya kazi benki yetu. Bado niko kwenye kipindi cha majaribio, na karani wa majaribio hana mdomo.

Alhamisi. Mawingu yamefunika milima tangu asubuhi na mji wetu wa Bwera ni matope matupu.

Jumatatu mfumo wetu mpya wa kompyuta ulifunga akaunti nilizowafungulia wanawake wa kijiji cha Kyondo kwa wakala wetu hapa Bwera. Uliona jina Masika limejirudia mno, ukaamua ni wateja hewa. Makao makuu Kampala wakauliza nani aliwaandikisha, wakasema watatuma mkaguzi.

Ni mimi.

Ningeweza kueleza kwamba sisi Wakonzo humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa: msichana wa kwanza ni Masika, mvulana wa nne ni Kule, kama mimi. Sikueleza. Mkaguzi asingeridhika, ningefukuzwa, na tayari nilikuwa nimekariri maneno ya kuomba radhi kwa kosa nisilolifanya. Ndivyo nilivyo mwoga.

Leo mkaguzi alikuja mwenyewe hadi kwa wakala. Hakunisalimu. Alisimama mlangoni akaita, "Masika!"

Benchi zima la wanawake waliokuwa wakisubiri likasimama.

Akanigeukia. Safari hii nilieleza desturi ya majina yetu mpaka mwisho. Kabla hajajibu, mama mmoja mwenye gunia la kahawa akamuuliza, "Na wewe mukubwa, kwenu uko mutoto wa ngapi?"

"Wa tatu kwa wavulana."

"Basi uko Masereka! Mashine yako ikufunge na wewe."

Walicheka mpaka naye akashindwa kujizuia. Akapiga simu Kampala palepale: mtu asifungiwe kwa jina, aangaliwe alama ya kidole. Jioni akaunti zikaanza kufunguka. Yule mama alipokea malipo ya kahawa yake kwenye simu, akaniambia foleni ya benki mjini Kasese haitamuona tena.

Mkaguzi hakusema kama nimebaki kazini. Alisema tu, "Jumatatu upeleke mashine ya vidole kijijini Maliba, ukawaandikishe wa huko, Kule."

Nilikuwa nikidhani mashine hizi zimekuja kukalia kiti changu. Kwa nini sikufungua mdomo tangu Jumatatu?

Ukitaka kunipata, usipige simu ofisini, tafadhali. Njoo Maliba. Usiulize Kule tu, utaletewa kijiji kizima. Uliza Kule wa vidole.