Usiku Ambao Wamaitha Hakulala Kwangu

Jumatano, 13 Januari 1954

Asubuhi baridi kali. Umande umeganda mweupe juu ya nyasi mpaka saa mbili. Baadaye jua, na upepo mwepesi kutoka bondeni.

Leo nimesema uongo. Niandike kama ulivyokuwa.

Saa nne nyapara Kipsang alikuja mlangoni, kofia mkononi kwa sababu mimi ni mke wa karani. Akasema jana usiku walihesabu watu wa laini, zile nyumba za wafanyakazi Wakikuyu, na nyumba ya Wamaitha ilikuwa tupu. Kafyu ni saa kumi na mbili, hakuna anayeruhusiwa nje. Wamaitha amejitetea kwamba alilala kwangu kwa kuwa niliugua. Je, ni kweli?

Wamaitha alisimama nyuma yake na kikapu cha pareto mgongoni. Hakuniangalia mimi. Aliangalia kuku.

Nikasema ndiyo, tumbo liliniuma, na mume wangu Kimaiyo alikuwa amelala Nakuru na lori la maziwa. Mimba ya miezi mitano — nani atabisha? Kipsang akaona haya, akaenda zake.

Wamaitha akasema, "Mungu akubariki, dada," akarudi shambani kuchuma. Sikumwuliza alikuwa wapi. Sikutaka kujua.

Nilipoletwa hapa Dundori kama bibi arusi, Aprili iliyopita, nilikuja na viatu vya shule na sikujua kuwasha kuni mbichi. Ni yeye aliyenifundisha. Alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza kama huko Form Two hakuna somo la kuni. Mume wake Ndung'u yuko kambini, kizuizini, tangu Novemba. Hapokei barua.


Jumapili, 17 Januari

Mawingu, hakuna mvua. Ibada. Baada ya ibada nilisema ninaumwa kichwa, nikarudi nyumbani. Uongo mwingine! Wa kwanza unazaa.


Jumapili, 24 Januari

Jua tangu asubuhi. Vumbi.

Leo nilibaki kwenye ushirika. Ni nyumbani kwa Kipketer, mwinjilisti wetu. Wanaobaki ni wale waliookoka tu. Kila mmoja husimama na kutaja dhambi yake ya wiki, kwa siku na kwa jina, bila kuificha, na wengine humwimbia. Tunaita kuweka nuruni. Mkamuaji mmoja alisema ametia maji kwenye debe la maziwa siku mbili. Tuliimba. Alilia, kisha akawa mwepesi kama mtoto aliyeogeshwa. Nilimwonea wivu.

Mimi sijasimama tangu Novemba. Cheptanui, mke wa Kipketer, alinishika mkono mlangoni. Akaniambia nimekuwa baridi, na kwamba dhambi isiyotajwa hukaa ndani kama kibanzi mpaka kidole kioze. Akaniangalia tumbo. Hakusema neno juu ya mtoto, lakini nilisikia.

Kimaiyo haji kwenye ushirika. (Mama mkwe angeniona nikiandika wazi hivi jina la mume, ambalo mke halitaji, angenikemea. Hapa hakuna anayenisikia.) Anasema akitaja dhambi zake Jumapili mbele ya wakamuaji, Jumatatu nani atamsikiliza juu ya usafi wa ndoo?


Jumapili, 31 Januari

Baridi asubuhi, kisha joto. Anga safi kabisa.

Nimesimama.

Sikulala vizuri wiki nzima. Niliogopa kumzaa huyu mtoto na kitu hiki ndani. Nilisimama wa tatu. Nilisema hivi: tarehe kumi na tatu nilimdanganya nyapara. Nilisema Wamaitha alilala kwangu, na hakulala kwangu. Naomba Bwana anioshe.

Wakaimba. Kipketer alikuja kunikumbatia, machozi mashavuni. Kifua changu kilifunguka, ninasema kweli, kilifunguka kama dirisha. Nilihisi hivyo kwa muda wa beti mbili za wimbo.

Kisha nikamwona Wamaitha. Alikuwa kwenye benchi la pili, maana naye ameokoka. Alikuwa anaimba pamoja na wote, na anapiga makofi. Angefanya nini kingine? Kila mtu alikuwa anamwangalia kuona kama ataimba.

Na kwenye benchi la nyuma, Chepngeno, mke wa nyapara.

Wamaitha hakunisubiri njiani. Niliita. Aliinua mkono bila kugeuka.

Nilimfikiria Wamaitha mara moja tu kabla ya kusimama? Hata mara moja? Hapana. Nilifikiria moyo wangu tu, uwe safi.


Jumatatu, 1 Februari

Sikuangalia anga.

Nimemwambia Kimaiyo. Aliacha kula. Nilingoja anikaripie kwa ajili ya kazi yake, maana mke wa karani kudanganya wakati huu wa Imajensi, hali ya hatari, si jambo dogo, na Bwana Miti, Mzungu mwenye shamba, amefukuza watu kwa kidogo kuliko hicho. Hakutaja kazi. Alinawa mikono, akasema:

"Uongo ulikuwa wako. Safari ilikuwa ya Wamaitha. Umewapa vyote viwili."

Kisha akaenda kupima maziwa ya jioni.


Jumanne, 2 Februari

Ukungu mpaka saa tatu.

Wamemchukua. Askari wawili na lori, saa nne na nusu, kutoka katikati ya mistari ya pareto. Chepngeno alimwambia mumewe, si kwa ubaya, alimsimulia kama ushuhuda mzuri. Kipsang akaona akinyamaza atakamatwa yeye.

Wanawake wote waliacha kuchuma. Wamaitha alivua kikapu, akamkabidhi mwenzake Nyakio, akapanda bila kusaidiwa. Lori lilipopita mbele ya nyumba yangu alisema kwa sauti, kama anayeongea na hewa, "Mama hajala tangu juzi."

Askari mmoja alicheka. Mimi sikuelewa.


Jumatano, 3 Februari

Jua. Upepo mkali mchana, umeangusha kamba ya nguo.

Nyakio alikuja kwa mlango wa jikoni. Hakukubali kukaa wala chai. Sasa najua, na naandika kwa ufupi.

Mama yake Wamaitha amekataa kupigwa picha ya kipande kipya, kitambulisho cha Wakikuyu. Wasio na picha hupakiwa kwenye lori na kurudishwa kwao, rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu. Kwa hiyo amefichwa katika shamba la pili kutoka hapa. Sitaandika ni wapi. Wamaitha alimpelekea chakula kila baada ya usiku mmoja. Tarehe kumi na mbili pia. Hayo ndiyo yote aliyofanya! Viazi na uji kwenye kibuyu.

Nikauliza Nyakio kwa nini wao wasiende. Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini jua halitoki magharibi. Wao wakivuka ua wa shamba wanapigwa risasi. Mimi si Mkikuyu, na mume wangu ni karani.

"Mdomo wako umefunga njia, mama mwalimu. Basi tumia miguu."

Ananiita mwalimu kwa sababu ya darasa langu la kusoma la Alhamisi. Hakusema kwa heshima.


Alhamisi, 4 Februari

Baridi, kisha jua. Mawingu upande wa Bahati jioni.

Sikufundisha. Saa nane mchana nilichukua kikapu kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa, nikapita mbele ya Kipsang mwenyewe. Alinisalimu. Nilitembea bila kugeuka mpaka nikavuka mto.

Bibi kizee amekaa wima kama mwiko. Alionja viazi, akasema havina chumvi. Kisha akaniuliza mimi ni nani.

Nikasema ni Jepkorir, jirani ya Wamaitha.

"Ah. Yule anayesoma kitabu huku sufuria inaungua."

Kwa hiyo Wamaitha amemsimulia habari zangu! Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka. Akauliza binti yake yuko wapi. Nikasema pareto imechanua sana, wanachuma mpaka jioni. Uongo, mbele ya mama wa mtu, na ulitoka laini kama siagi. Sijui kama aliamini. Aliendelea kutafuna.

Nilimwuliza kwa nini asikubali picha tu, ni jambo la dakika moja. Akasema alikuja Dundori akiwa na meno yote, amezaa saba hapa na kuzika wanne hapa. Mtu anayetaka kumrudisha nyumbani amwonyeshe kwanza nyumbani ni wapi. Halafu akaniomba nilete chumvi Jumamosi.

Sijamwomba Mungu ruhusa. Nilikwenda tu.


Ijumaa, 5 Februari

Mawingu. Matone machache saa kumi.

Kipketer ameleta habari. Afisa kutoka Nakuru anakuja ofisi ya shamba Jumatatu saa tatu. Wamaitha ataletwa. Amekaa siku tatu na neno lake ni lile lile, kwamba alilala kwangu. Hawana ushahidi mwingine ila maneno yangu ya kwenye ushirika. Nikiyarudia na kutia sahihi, atakwenda kambini, na watamwuliza alikokwenda mpaka aseme.

Kipketer atakuja kukaa karibu nami. Anafikiri ananitia nguvu. Akaniambia nisiogope, kweli humweka mtu huru.

"Itamweka nani huru, kaka?" nikauliza.

 Kipketer si mtu mbaya. Mwaka juzi alitembea mpaka Molo kurudisha koleo aliloiba akiwa kijana. Alinijibu kwamba matokeo ni ya Bwana, yetu ni kusema tu. Nami niliamini hivyo hadi Jumapili iliyopita.


Jumamosi, 6 Februari

Jua. Nimepeleka chumvi. Amesema sasa imezidi.


Jumapili, 7 Februari

Asubuhi ya ukungu mzito, miti ya Bwana Miti haionekani. Umetoka saa nne.

Nilikwenda ibadani. Ushirika ulipoanza nikainuka kutoka. Cheptanui alikuwa mlangoni. Alinong'ona kwamba Ibilisi hupenda kukamata mtu kati ya ibada na ushirika, hapo hapo kizingitini. Nikamwambia, "Basi nipishe haraka, dada." Akanipisha. Uso wake uliumia. Ni yeye aliyenishonea gauni la mimba.

Nimefikiri kwa utaratibu, kama hesabu. Kukana kwamba nilisimama siwezi, watu ishirini na tatu walisikia. Kusema kwamba wamesikia vibaya siwezi pia. Kuna njia moja tu. Niseme kwamba Wamaitha alilala kwangu kweli, na kwamba ile toba ndiyo iliyokuwa ya uongo. Kwamba kila Jumapili wengine walisimama na mimi sikuwa na kitu, nikatunga dhambi ili niimbiwe.

Hakuna aibu kubwa kuliko hiyo kwetu. Mwizi hupokelewa. Mlevi hupokelewa. Lakini anayechezea toba? Nitasema hivyo na Kipketer ameketi karibu nami, akiwa amekuja kunitia nguvu.

Na nikishikwa kwa uongo, tunaondoka shamba hili wote watatu, mimi na Kimaiyo na huyu anayepiga mateke.

Nilimweleza Kimaiyo tulipomaliza kula. Nilitaka aseme usifanye. Alivuta meza katikati, akaketi upande wa pili, akavaa uso wa afisa. Akasema, haya, tuanze.

Akauliza Wamaitha alikuja saa ngapi. Nikasema saa kumi na moja na nusu, kabla ya kafyu. Alilala wapi? Kitandani pamoja nami. Kimaiyo akatikisa kichwa. Alisema Mzungu hataamini hilo, niseme sakafuni, kwenye mkeka. Alikula nini? Hakula, alinipikia mimi uji. Uji wa nini? Wimbi. Akarudi nyuma, akaniuliza tena saa, upesi, kunikamata. Sikukamatwa.

Alinisifu. Alisema ningekuwa karani bora kuliko yeye. Tulicheka kidogo. Tangu harusi hatujawahi kukaa hivi jioni nzima, macho kwa macho, tukifanya kazi moja. Ni jambo baya kufurahia, na nilifurahia.

Kisha akauliza lile la mwisho, polepole, kwa sauti yake mwenyewe.

"Kwa nini ulisema uongo mbele ya watu wa Mungu?"

Nikajibu, "Nilitaka wanipende."

Tulikuwa hatujapanga jibu hilo. Lilitoka lenyewe. Kimaiyo alirudisha meza mahali pake.

Nimekaa na jibu hilo tangu saa mbili. Yote nitakayosema kesho ni ya kutunga, ila hilo. Sijui kama kuna mahali pa kuliweka nuruni, wala mbele ya nani.

Kimaiyo anasema nichome daftari hili. Nimemwambia nitachoma asubuhi nikiwasha moto.

Nilipiga magoti. Sikupata neno, nikabaki hapo mpaka magoti yakauma. Gauni la buluu nimelipiga pasi. Nimetenga viazi vya kesho, nikirudi.

Asubuhi, kabla ya kuwasha moto. Nilizima taa saa sita kasorobo. Nilisikia saa ikipiga saa saba, na saa nane. Nililala saa tisa na dakika kumi.